Tumehojiwa Sana, Sasa Tunajifunza Kuuliza

Mwezi huu zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa Tororo na Busia. Tuko sita. Wanne wetu tulivuka mpaka tukiwa watoto wadogo, Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wengine walipitia Busia, wengine Malaba, tukajikuta pamoja kwenye mahema ya Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, kabla ya watu kuhamishiwa Kiryandongo. Wenzetu wawili walikuja baadaye kutoka Kivu, na safari yao wataieleza wenyewe siku wakitaka. Miaka imepita, tumerudi kuishi karibu na mpaka kwa sababu za kawaida tu: biashara ya mama, karo, vibarua, dada aliyeolewa huku.

Leo tunaandika kuhusu darasa letu la likizo, na kuhusu jambo ambalo tulidhani tunalijua kumbe hatulijui. Jambo lenyewe ni kuuliza swali.

Ila kwanza tuwaambie sisi tuliulizwa nini.

Swali la kwanza tunalolikumbuka ni la Mulanda. Mtu mwenye daftari alisimama mbele ya foleni akauliza, "Mko wangapi?" Mama wa mmoja wetu akajibu, "Saba." Halafu akageuka, akawaangalia watoto mmoja mmoja, akasema, "Andika sita." Yule mtu akakata saba, akaandika sita, akaita mwingine. Hatumlaumu. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Lakini mpaka leo, mwenzetu akisikia neno takwimu, anaiona ile saba iliyokatwa.

Baada ya hapo maswali hayakuisha. Mnakula mara ngapi kwa siku? Maji mnachota wapi? Choo kiko umbali gani? Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Walikuja na karatasi, baadaye wakaja na tableti. Tukayazoea, hata tukajua majibu yanayotakiwa. Mmoja wetu anakiri hapa mbele yenu: siku moja aliulizwa anakula mara ngapi, akasema mara moja, na siku hiyo alikuwa amekula mara mbili. Jirani alikuwa amepitisha habari kwamba wanaosema mara mbili watapunguziwa chakula. Ilikuwa kweli au uvumi? Hatujui. Tunachojua ni kwamba mahali fulani kuna ripoti yenye uongo wa mtoto mwenye hofu.

Na katika wote waliotuuliza, hatukumbuki hata mmoja aliyerudi kutuambia alipata jibu gani. Wala aliyetuuliza, "Na nyinyi, mna swali?"

Sasa tuje kwenye darasa. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, na ndani yake kuna kazi ya mradi. Mwanafunzi anatafuta tatizo kwenye jamii yake, analichunguza, anaandika alichokiona. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilianza mtaala wa umilisi mwaka 2017, nao pia unamtaka mtoto achunguze badala ya kukariri. Jambo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba mtoto aliyezoea kunakili ubaoni anaambiwa ghafla, "Haya, tafuta swali." Wazazi wakatujia: nyinyi mmesoma soma, hebu saidieni hawa watoto. Tukapewa veranda ya kanisa, ubao mmoja mweusi na chaki. Wanafunzi wakawa kumi na tisa: watoto wa wenyeji, watoto wa wakimbizi, na watatu waliokuwa wakija kwa matatu kutoka Busia.

Siku ya kwanza tukawaambia kila mmoja aandike swali analotaka kuchunguza. Tukakusanya karatasi, tukaanza kusoma. "Madhara ya bodaboda." "Umuhimu wa kutunza mazingira." "Kwa nini vijana wa siku hizi hawana adabu?"

Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana sisi wenyewe tukiwa shuleni tuliandika hivyo hivyo. La kwanza ni kichwa cha habari. La pili ni mahubiri. La tatu ni hukumu iliyokwisha kutolewa, imebandikwa alama ya kuuliza mwishoni. Hakuna hata moja linalomtoa mtu nyumbani asubuhi kwenda kutafuta kitu.

Tukaamua kuanza na bodaboda, kwa sababu huku ndiko kwake. Wazee wa Busia wanasimulia jinsi baiskeli zilivyokuwa zikibeba watu na mizigo kwenye kile kipande kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wenye baiskeli wakiita "boda, boda," yaani mpaka kwa mpaka. Jina likasambaa Afrika Mashariki nzima. Basi tukachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja: Tunachojua. Upande wa pili: Tusichojua.

Upande wa kwanza ukajaa kwa dakika tano. Bodaboda zinasababisha ajali. Hawavai kofia ngumu. Wanapeleka wagonjwa hospitali usiku. Upande wa pili ukabaki mweupe. Tukasubiri. Kimya. Mwishowe kijana mmoja akainua mkono nusu nusu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Akasema, "Ticha, mimi sijui kaka yangu anabaki na shilingi ngapi akishamlipa mwenye pikipiki."

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Kila mtu aligeuka. Wengine nao wana kaka, wana baba, wana mjomba. Anatoka alfajiri, anarudi usiku, pikipiki si yake. Anabaki na nini? Tukashirikiana kulinyoosha lile swali hadi likawa hivi: Waendesha bodaboda wa steji yetu ambao pikipiki si zao wanabaki na pesa ngapi kwa siku, wakishamlipa mwenye pikipiki na kununua mafuta? Lina watu wake, lina mahali, lina kipimo. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kulichukua, akaenda nalo steji, akarudi na kitu.

Somo letu la kwanza likawa hilo: swali linaanzia kwenye "sijui." Na hapa tuongee ukweli kati yetu. Kwa sisi wakimbizi, "sijui" ni neno la hatari. Wengi wenu mmekaa mbele ya ile meza mkieleza kwa nini mlikimbia. Ukisema hujui tarehe, hujui jina la kijiji mlichopitia usiku, unaonekana mwongo. Tumefundishwa tuwe na jibu kwa kila kitu. Shuleni nako, mtoto akisema sijui anachekwa. Kwa hiyo tulitumia siku nzima kuwazoesha watoto kusema sijui bila aibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mtu hawezi kuuliza kama hajakubali kwamba kuna kitu hakijui.

Siku ya pili tukaona jambo lingine. Karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza zilianza karibu zote na maneno yale yale ya mtihani. Tukasema leo andikeni kwa lugha yoyote mnayoota nayo. Kiswahili, Dhopadhola, Ateso, Lusamia, ruksa. Jamani! Binti mmoja ambaye jana aliandika umuhimu wa usafi leo aliandika: "Neti tulipewa, kwa nini bado iko kwenye mfuko?" Ni mtoto yule yule, akili ile ile. Tulichofungua ni mlango tu.

Hilo la lugha likatukumbusha utafiti mmoja maarufu sana, uliofanyika hapa hapa Busia, na tukaamua kuwasimulia. Mwaka 1996 shule 25 za msingi za Busia na Teso, upande wa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada. Watafiti walitaka kujua: je, vitabu vitapandisha alama? Wangeweza kuuliza tu walimu kama vitabu ni vizuri, na kila mwalimu angesema ndiyo. Badala yake walichagua shule 100 zinazofanana, 25 zikapata vitabu kwanza, nyingine zikasubiri, kisha wakalinganisha. Tukawauliza wanafunzi wetu wabashiri. Wote kumi na tisa wakasema alama zilipanda.

Hazikupanda, kwa wastani. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Watafiti walieleza kwamba vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule ni lugha ya tatu, hivyo wengi hawakuweza kuvisoma vizuri. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, aliwahi kuwa mwalimu magharibi mwa Kenya kabla hajawa mwanauchumi. Mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa sababu ya kuuliza maswali madogo madogo ya namna hii kuhusu umaskini.

Tulidhani tumemaliza hadithi. Msichana mmoja wa Busia akainua mkono: "Na kama vile vitabu vingekuwa kwa Kiswahili?"

Tukaangaliana. Ticha mzima hana jibu! Lakini tulifurahi kupita kiasi, kwa sababu hatukumpa swali lile. Alilitoa kwenye jibu la mtu mwingine. Ndivyo maswali mazuri yanavyofanya, yanazaa. Hata ule utafiti mwingine wa Busia, wa dawa za minyoo, ulioanza mwaka 1998 katika shule 75, bado watu wanaubishania. Wa kwanza walikuta utoro umepungua kwa robo. Mwaka 2015 wengine wakarudia hesabu za data zile zile, na ubishi ukawa mkubwa. Watoto walishangaa kwamba watu wazima wenye digrii wanaweza kubishana juu ya minyoo ya Busia. Tukawaambia, huo ndio utafiti. Ukiuliza vizuri, mwingine anaweza kukukagua.

Kisha tukawarudisha Tororo. Kila mtu hapa anajua malaria ipo. Ukiuliza kwa nini malaria ni nyingi Tororo, utapata majibu mia: mvua, mabwawa, uchafu, umaskini. Sasa watafiti wa mbu waliuliza kitu kimoja tu: kwa mwaka mmoja, mtu mmoja anaumwa mara ngapi na mbu mwenye vimelea vya malaria? Wakakusanya mbu majumbani usiku, wakawahesabu, wakapima ni wangapi wamebeba vimelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria mara 562 kwa mwaka hapa Tororo. Tukawaambia wanafunzi wagawe kwa 365. Walipoona ni zaidi ya mara moja kila usiku, mmoja akajipiga kofi mkononi kama vile mbu yupo pale. Huko Apac, kaskazini, makadirio yalizidi 1,500. Desemba 2014 upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza Tororo, na wagonjwa wa malaria wakapungua sana. Kipimo cha zamani kilikuwepo, kwa hiyo watu waliweza kuona tofauti. Swali lisilo na kipimo haliwezi kukuambia kama mambo yamebadilika.

Mpaka hapo tulijiona walimu hodari. Ndipo tukaharibu.

Mmoja wa wasichana wa Busia ana shangazi anayefanya biashara ya mpakani. Nyanya, mayai, na wale samaki wadogo ambao upande wa Uganda wanaitwa mukene na upande wa Kenya omena. Swali lake lilikuwa: "Kwa nini akina mama wanapitisha bidhaa njia za panya badala ya kupita kituoni?" Tukalipitisha haraka. Lina watu, lina mahali, hatujui jibu. Safi! Jumamosi wakaenda sokoni wanne na madaftari yao, mmoja wetu akiwa nyuma.

Walipomwuliza mama wa kwanza, alicheka akasema hajui njia hizo. Wa pili alifunika trei zake za mayai akaondoka. Saa moja haikupita, habari ilikuwa imezunguka soko zima kwamba kuna watoto wametumwa kuandika majina ya watu wa magendo. Wiki iliyofuata shangazi mwenyewe alinuniwa na wenzake kwa sababu mtoto wake ndiye aliyekuwa na daftari. Akatuita. Tulikwenda wote sita, tukakaa kwenye benchi lake kama watoto waliovunja chungu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Wanangu, si nyinyi mlikuwa kambini? Mtu akija na daftari, hakusema ametumwa na nani, anauliza jambo linaloweza kuwanyima chakula, nyinyi mlikuwa mnamwambia ukweli?"

Yule mwenzetu wa mara moja kwa siku aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemtaja, lakini wote tulimfikiria yeye. Tulikuwa tumefanya kile kile tulichofanyiwa. Tena sisi tuliojua uchungu wake!

Tukaomba radhi. Halafu mmoja wetu akauliza lile ambalo tungetakiwa kuuliza kwanza: "Shangazi, wewe ungependa kujua nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nasikia ipo karatasi fulani ya sisi wenye mizigo midogo. Nani anayo? Inapatikana wapi? Kati yetu hapa nani ameshaiona? Hilo ndilo mngeuliza."

Karatasi hiyo ipo kweli. Katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, unaweza kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi. Vibali vingine, kama vya afya ya mimea, vinaweza bado kuhitajika. Basi swali likageuka. Badala ya "kwa nini mnapita njia za panya," likawa: Akina mama wanaouza nyanya na mayai katika soko hili wanajua nini kuhusu cheti hicho, na walisikia kwa nani?

Angalieni tofauti. La kwanza linamweka mama kizimbani. La pili linamweka mezani. Na la pili linaweza kumsaidia hata kabla utafiti haujaisha.

Safari hii shangazi alitangulia na watoto. Walijitambulisha, wakasema wanasoma wapi, wakasema hawaandiki jina la mtu, na asiyetaka asijibu. Walizungumza na akina mama kumi na sita. Wengi walikuwa wamesikia tetesi ya karatasi, wachache walijua inafanyaje kazi. Yule msichana akaandika kwenye hitimisho lake, "Wanawake wa Busia hawajui haki zao." Tukamwuliza, umeongea na wanawake wa Busia? Akafikiri, akakata, akaandika: "Wanawake kumi na sita tuliowakuta sokoni Jumamosi asubuhi." Akasema sentensi imekuwa ndogo. Tukamwambia imekuwa ya kweli.

Kisha wakarudi sokoni kuwasomea akina mama walichokipata, na nakala ya maelezo ya kile cheti kwa Kiswahili. Siku hiyo yule mama wa mayai aliyeondoka mara ya kwanza ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Kutokana na aibu ile tukatengeneza kitu tunachokiita ungo. Kila swali linapepetwa mara nne kabla ya kutoka nje ya veranda. Moja: jibu tunalijua tayari? Kama tunalijua, tusijifanye kuuliza. Mbili: tunaweza kulifikia kwa miguu yetu, daftari letu na wiki mbili tulizo nazo? Tatu: anayejibu anaweza kuumia kwa jibu lake? Nne: tutarudi kumwambia nani tulichokipata? Swali lisilopita ungo halitupwi. Linarudi ubaoni kunyooshwa.

Tulifikiri ungo wetu umekamilika, mpaka ilipofika karatasi ya kijana mmoja wa miaka kumi na tano. Wazazi wake walivuka kama sisi, 2008. Yeye alizaliwa Uganda. Ni mtoto mkimya, tulimsukuma sana aandike. Karatasi yake ilikuwa na maneno matatu: "Kwetu ni wapi?"

Tulilipepeta. Jibu hatulijui. Kwa wiki mbili halifikiki. Utamwuliza nani? Utapima kwa nini? Kwa sheria zetu wenyewe, halikupita. Mwenzetu aliyekuwa anasahihisha alishika kalamu akate, akaweka alama ya mkwaju, halafu mkono ukasimama. Ni yule wa mama aliyesema saba. Akatuambia baadaye kwamba aliliona lile daftari la Mulanda.

Hakulikata. Alimwuliza kijana, "Katika hili swali lako, kipande gani unaweza kukiendea kwa miguu?"

Walikaa nalo siku mbili. Mwamba wa Tororo unauona popote ulipo mjini, lakini kuupanda ni hatua moja baada ya nyingine, na ngazi. Kipande alichokichagua kilikuwa hiki: Watu wa Mulanda waliotupokea mwaka 2008 wanakumbuka nini, na walitupa nini? Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari aliacha "Kwetu ni wapi?" peke yake. Lile dogo akaliandika ukurasa wa pili.

Tukaenda naye. Sisi wanne hatukuwa tumerudi Mulanda tangu tuondoke. Mahema hayapo, ni nyasi na mihogo. Watu tuliowakuta walikumbuka mambo ambayo sisi tulikuwa wadogo mno kuyakumbuka: watoto waliokuja bila viatu, wanawake waliokuja kuomba moto wa kupikia, foleni kwenye kisima chao. Bibi mmoja alisema alimwazima mama fulani sufuria, na mpaka leo sufuria haijarudi. "Mwambieni naidai!" Tukacheka wote, kijana akaandika sufuria kwenye daftari.

Kabla hatujaondoka, mwenzetu alikumbuka swali la shangazi wa Busia. Akamwuliza yule bibi kama na yeye ana la kuuliza.

Bibi akasema, "Ninalo. Siku mlipopandishwa kwenye malori, mlifika salama? Maana hakuna aliyerudi kutuambia."

Jamani. Sisi tulidhani ni wakimbizi tu wanaosahauliwa na wenye madaftari. Kumbe hata waliotupa moto na sufuria walibaki na swali lao miaka yote.

"Tulifika, bibi," mwenzetu akajibu. "Tulifika sita."

"Mlikuwa wangapi mwanzoni?"

"Saba."

Bibi akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Wa saba alikuwa anaitwaje?"

Mwenzetu akamtajia jina. Kijana hakuliandika, alikuwa amefunga daftari. Tangu 2008 hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hilo.

Ndugu na dada mlioko Kakuma, Dadaab, Nakivale, Kiryandongo, Nyarugusu na mijini, tunajua huko nako mmehojiwa mpaka mmechoka. Mwanzoni tuliwaambia hatukujua kuuliza. Bado tunajifunza. Ila kama mna watoto wanaosumbuliwa na mradi wa shule, kaeni nao. Choreni mstari katikati ya karatasi, waacheni waseme sijui kwa lugha yao. Pepeteni. Na mkitoka kwenda kumwuliza mtu, hata awe jirani, kabla hamjafunga daftari mwulizeni yeye ana swali gani. Halafu rudini kumwambia mlichokipata.

Sisi tuna deni la sufuria Mulanda. Tumeshaanza kuchanga.

Ni sisi wenzenu wa Tororo na Busia.